Ada ya Wakili katika Ununuzi wa Nyumba: Kesi ya Goldfarb

Katika mwaka 1971 Bwana Goldfarb na mkewe walipatana kununua nyumba katika wilaya ya Fairfax, jimbo la Virginia, Marekani. Waliinunua kwa mkopo, na mkopeshaji akawataka wachukue bima ya hati ya milki, ili nyumba ikija kudaiwa na mtu mwingine fedha yake isipotee. Bima hiyo haikupatikana pasipo hati kuchunguzwa kwanza, na kwa sheria ya Virginia uchunguzi huo haukuwa halali kufanywa na mtu yeyote ila wakili wa jimbo hilo.

Bima ya namna hii ilizaliwa na hasara. Katika mwaka 1868 mahakama ya Pennsylvania ilihukumu kwamba mwandishi wa hati aliyepitiwa na deni lililoifunga ardhi halipi fidia, maadamu alifuata shauri la mwanasheria na hakuzembea. Mwandishi hakuwa na kosa. Walakini mnunuzi, ambaye hakuwa na kosa vilevile, ndiye aliyebaki na hasara. Miaka minane baadaye, mwaka 1876, kampuni ya kwanza ya bima hiyo ilifunguliwa Philadelphia.

Uchunguzi wenyewe si kazi ya mchezo. Wakili huenda katika ofisi ya kumbukumbu za wilaya, akalifuata jina la muuzaji hadi kwa aliyemwuzia, na huyo hadi kwa wa kabla yake. Hutazama kama iko rehani isiyokombolewa, kodi isiyolipwa, au mrithi asiyetia sahihi. Mtu mmoja akirukwa katika mlolongo huo, familia yaweza kulipia nyumba isiyokuwa yao. Kwa hiyo ugomvi wa Fairfax haukuwa juu ya haja ya wakili. Ulikuwa juu ya bei yake.

Wakili wa kwanza aliwatajia ada iliyoandikwa katika orodha ya chama cha mawakili cha wilaya, yaani sehemu moja katika mia ya thamani ya nyumba. Kwa nyumba ya dola 50,000, ada ni dola 500, hati ziwe nyepesi au nzito. Wakawaandikia mawakili wengine 36. Walijibu 19, na hapana hata mmoja aliyekubali kushuka chini ya orodha. Baadhi yao walisema kwamba hawamjui wakili atakayekubali.

Chama cha wilaya kilikuwa cha hiari, wala hakikuwa na uwezo wa kumwadhibu mtu. Nguvu ilitoka juu, katika chama cha jimbo, ambacho kila wakili alilazimika kuwa mwanachama wake. Chama hicho nacho hakikumshtaki yeyote kwa kupunguza bei. Ila kilitoa fatwa kwamba wakili mwenye mazoea ya kutoza chini ya orodha adhaniwe kuwa amevunja maadili ya kazi. Fimbo ilitundikwa ukutani, na kila mtu aliiona.

Goldfarb na mkewe walimlipa yule wa kwanza, kisha wakashtaki. Mahakama ya kwanza ilikihukumu chama cha wilaya; mahakama ya rufani ikatengua, ikisema kwamba uwakili ni kazi ya elimu, si biashara. Hoja hii ndiyo iliyokuwa na uzito, kwani mawakili wengi waliona ni aibu kuwekwa daraja moja na wauza duka. Tarehe 16 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa. Jaji Mkuu Burger aliandika, na majaji wote waliosikiliza wakakubaliana, kwamba kuchunguza hati kwa malipo ni biashara. Kwamba sehemu kubwa ya fedha za kununulia nyumba za Fairfax ilitoka nje ya Virginia. Na kwamba orodha ile ilivunja Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, inayokataza wafanya biashara kupatana bei.

Miaka miwili baadaye mahakama hiyo hiyo iliwaruhusu mawakili kutangaza ada zao magazetini. Katika mwaka 1997 Virginia yenyewe ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wasio mawakili kusimamia siku ya kukabidhiana nyumba. South Carolina haikufuata njia hiyo; huko wakili angali lazima, ila mnunuzi akiisha kutajiwa bei na mmoja, aweza kwenda kumwuliza wa pili.