Lulu ya Kiberiti

Ijapokuwa wanafunzi wa elimu ya viumbe tangu hapo wamefundishwa kusadiki kwamba bakteria haonekani ila kwa hadubini, ipo sehemu ya bahari ya Afrika, nayo ni ile ya Namibia, ambako mtu mwenye macho mazima aweza kumwona mmoja peke yake akimeta topeni, mkubwa kadiri ya punje ya mchanga.

Mwaka 1997, merikebu ya utafiti ya Kirusi, Petr Kottsov, ilikuwa katika bahari hiyo, naye Heide Schulz wa Taasisi ya Max Planck ya Bremen, Ujerumani, alikuwamo, akitafuta bakteria wa nyuzinyuzi wa jinsi iliyokwisha kujulikana pwani ya Chile. Tope lililopandishwa lilinuka mayai viza, na ndani yake mlikuwa na vitone vyeupe vilivyofuatana kimoja baada ya kingine, mithili ya ushanga uliotungwa. Habari za bakteria huyo zilipochapishwa mwaka 1999 alikuwa amekwisha kupewa jina, Thiomargarita namibiensis, yaani lulu ya kiberiti ya Namibia. Na jina lilisadifu, maana weupe ule ni chembe za kiberiti hasa.

Mkubwa wao hufikia robo tatu ya milimita, lakini ukubwa huo, kusema kweli, ni wa kibuyu cha maji: takriban sehemu 98 katika mia za mwili wake ni mfuko uliojaa naitrati. Kwa kuwa hana uwezo wa kwenda, hungoja dhoruba ivuruge tope apate kuyafikia maji yenye naitrati, aijaze akiba yake, kisha azikwe tena, akiitumia kidogo kidogo kukiunguza kiberiti, kama mpiga mbizi na pumzi aliyoivuta juu.

Taji lake la ukubwa halikudumu. Huko Guadeloupe, mwaka 2009, Olivier Gros alikuta nyuzi nyeupe zimeng'ang'ania majani ya mikoko yaliyozama, wala hakudhani kuwa ni bakteria. Kosa la kusameheka, kwani hata bakteria mwingine mkubwa, akaaye matumboni mwa samaki aitwaye kangaja wa Bahari ya Shamu, aliyeonekana mwaka 1985, hakutambuliwa kuwa bakteria mpaka 1993. Nyuzi za Guadeloupe, ambazo aghalabu zina urefu wa sentimita moja, zilitangazwa rasmi mwaka 2022 kwa jina la Thiomargarita magnifica, baada ya miaka mingi ya kuchunguzwa bakteria anayeshikika kwa kibano.