Satelaiti za wanafunzi wa vyuo vikuu: zinaundwaje, zinaona nini?

Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi. Siku hiyohiyo roketi iliruka kutoka Virginia, Marekani, ikiwa na satelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1. Ilisadifu tu. Lakini tangu hapo wengi hujiuliza: je, chombo kama hicho kingetuonya?

Satelaiti hiyo iliundwa na Waganda watatu waliokuwa masomoni katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimetangulia na 1KUNS-PF, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Hiyo iliachiwa angani Mei 11, 2018.

Ni boksi lenye sentimita 10 kila upande na uzito wa kilo moja na ushee. Ndani mna betri, kompyuta, redio na kamera. Nje imevikwa paneli za sola. Kabla ya safari hutikiswa kwa mashine ili ionekane kama itahimili roketi, kisha huwekwa kwenye tangi lisilo na hewa, ikipashwa joto na kupozwa. Skrubu ikilegea huko juu, hakuna fundi wa kuifuata.

Roketi huifikisha Kituo cha Kimataifa cha Anga, nayo husukumwa nje kutoka maabara ya Kijapani iitwayo Kibo. Hapo, kilomita 400 hivi juu yetu, huzunguka dunia kwa takriban dakika 90. Picha hushuka kwa mawimbi ya redio (kazi yetu hiyo!), ila kituo cha ardhini huipata kwa dakika chache tu kila inapopita.

Kamera yake haiwezi kuona duara la mchimbaji mdogo wa Geita. Bwawa kubwa la mgodi, msitu uliofyekwa au magugumaji ya Ziwa Victoria, hivyo huonekana, mradi mawingu hayajaziba. Kwa hiyo isingepiga king'ora Mwadui. Ingeonyesha tope limefika wapi, na mwenye shamba angekuwa na picha ya kabla na baada.

Baada ya mwaka mmoja au miwili hivi chombo hushuka na kuungua. Kenya haikuishia hapo: Aprili 15, 2023 ilirusha Taifa-1, kubwa zaidi, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya kwa kushirikiana na kampuni ya Bulgaria.