"Futa hayo maandishi ya chini"

Wadau, mwenye agroveti mmoja hapa Kivaa kanipigia simu akiwa na hasira. Nilimwekea SuiteCRM ya kutunza rekodi za wateja, nikamtoza kazi yangu. Sasa ameona chini ya skrini maneno "Powered by SugarCRM" na "Supercharged by SuiteCRM". "Nimekulipa wewe, hawa ni akina nani? Futa!"

Kufuta ni kazi ya dakika tano. Ruhusa ndiyo hakuna, na kisa chake ni kirefu.

Zamani Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiligawa BSD kwa sharti kwamba kila tangazo la bidhaa iliyoitumia litaje chuo. Wengine wakaiga, kila mmoja na jina lake. Richard Stallman alihesabu sentensi 75 za aina hiyo ndani ya NetBSD ya 1997. Hebu zisome zote kwenye tangazo la redio! Mwaka 1999 Berkeley wakaliondoa sharti hilo, ila notisi ya hakimiliki ikabaki lazima.

Halafu kuna jina lenyewe, ambalo ni suala jingine kabisa. Mwaka 2006 Mozilla iliwaambia Debian: msimbo badilisheni, lakini mkibadilisha bila idhini yetu msiuite Firefox. Debian wakauita Iceweasel, hadi 2016. Hata Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyotolewa 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitokana na mradi ulioitwa rasmi OpenOffice.org. Hiyo ".org" haikuwa urembo, jina bila mkia lilikuwa na mgogoro wa alama ya biashara.

SugarCRM, iliyoanza 2004, ilitaka nembo yake ionekane kwenye skrini. Watu wakabishana sana kama huo bado ni uhuria. Mwaka 2007 GPL toleo la 3 likaja na kifungu cha 7, kinachomruhusu mwandishi kudai notisi zake zisiondolewe, na SugarCRM wakahamia huko. SuiteCRM ilipojitenga 2013 ilirithi deni hilo, ikaongeza na jina lake. Kwangu mimi ni haki: waliandika wao, nami nimekula pesa.

Nimemwambia mzee nitaweka jina na nembo ya duka lake juu kabisa, kubwa, na kule chini sitagusa. Amesema atafikiria. Salio langu bado analo yeye.