Nyukleoni
Nyukleoni ni jina la pamoja la chembe zinazounda kiini cha atomu, yaani protoni na nyutroni. Protoni ina chaji chanya. Nyutroni haina chaji. Masi zao karibu zinalingana, nyutroni ikizidi kidogo tu, na kila moja ni nzito kuliko elektroni zaidi ya mara 1,800. Hivyo karibu masi yote ya atomu imo ndani ya kiini.

Idadi ya protoni ndiyo namba atomia, nayo huamua elementi. Atomu yenye protoni 6 ni kaboni, iwe na nyutroni 6, 7 au 8. Hizo ni isotopi zake. Ile yenye nyutroni 8 (kaboni-14) ni nururifu, na wanaakiolojia huitumia kukadiria umri wa mkaa na mifupa.

Protoni ilipewa jina na Ernest Rutherford mnamo 1920, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "kwanza". Lakini hesabu haikukamilika: kiini cha heli kina chaji ya protoni 2, ilhali masi yake ni kama ya protoni 4. Wengi walidhani kiini kina protoni 4 na elektroni 2 za kupunguza chaji. Jibu lilipatikana Cambridge, Uingereza, mwaka 1932. James Chadwick alionyesha kwamba mnururisho unaotoka katika berili iliyopigwa kwa chembe za alfa ni chembe zisizo na chaji, zenye uzito wa kutosha kung'oa protoni katika nta ya parafini. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1935.

Kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana, mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini kiini hakisambaratiki. Nyukleoni hushikwa pamoja na kani kali ya nyuklia, ambayo huzidi msukumano huo lakini hufika umbali mdogo sana, takriban wa nyukleoni jirani tu. Msukumano wa protoni hufika kiini kizima. Ndiyo maana viini vikubwa huhitaji nyutroni za ziada: risasi-208 ina protoni 82 na nyutroni 126. Kiini chenye protoni zaidi ya 83 hakiwi thabiti, hata kikiongezewa nyutroni.

Nyutroni yenyewe ikitoka nje ya kiini haidumu. Kwa wastani, baada ya dakika 15 hivi, hugeuka kuwa protoni, elektroni na antinyutrino.