Mwanya wa Sheria: Simu, Usukani na Akili ya Dereva

Dereva wa bodaboda anayepenya kwenye foleni ya Dar es Salaam au Nairobi, simu ameichomeka kati ya kofia ngumu na shavu, ana mikono yote miwili kwenye usukani. Anaongea na mteja anayemsubiri na kusikiliza maelekezo huku akitafuta kona ya kuingilia. Katika nchi nyingi, ambako sheria hukataza kuishika simu tu, dereva wa namna hii hana kosa. Makala hii inadai kwamba sheria hizo zimeukamata mkono na kuiacha akili, na kwamba marufuku yenye maana lazima iguse maongezi yenyewe.

Mwanya huo una historia. New York lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kukataza simu ya kushika, mwaka 2001. Uingereza ilifuata Desemba 2003, na mwaka 2017 ikapandisha adhabu hadi pauni 200 na pointi sita kwenye leseni. Kote huko, anayeongea bila kuishika simu aliachwa apite. Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973, mwaka uleule ambao Martin Cooper alipiga simu ya kwanza ya mkononi mjini New York. Tatizo hili halikuwepo mezani.

Ushahidi dhidi ya mwanya huo ni wa muda mrefu. Mwaka 1997, watafiti Redelmeier na Tibshirani walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wa Toronto waliokuwa na simu na wakapata ajali. Walilinganisha rekodi za simu na saa za ajali, wakakuta kwamba hatari ilikuwa takriban mara nne wakati simu inatumika. Simu isiyoshikwa haikuonyesha nafuu yoyote. Mwaka 2005, utafiti wa Perth, Australia, uliohusu madereva 456 waliofikishwa hospitalini, ulitoa jibu hilohilo.

Sababu inaeleweka. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah wameonyesha kwamba dereva anayeongea na simu huweza kuelekeza macho kwenye kitu na asikitambue. Abiria aliyekaa kando yake huona lori linalokata mbele, hukatisha maneno, pengine hupiga kelele kumtahadharisha. Aliye upande wa pili wa simu haoni kitu. Anaendelea kudai jibu. Ujumbe wa maandishi ni hatari zaidi, kwa kuwa unayachukua na macho. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisoma kwa sekunde tano, amepita urefu wa uwanja mzima wa mpira bila kuitazama barabara.

Wapinzani wana hoja nzito, na inafaa zijibiwe.

Ya kwanza ni kwamba marufuku hazifanyi kazi. Mwaka 2010, uchambuzi wa madai ya bima nchini Marekani haukuona ajali zikipungua baada ya majimbo kukataza simu ya kushika. Lakini matokeo hayo yanaweza kusomwa kinyume: madereva wakiacha kushika simu na kuendelea kuongea, hakuna sababu ya kutarajia nafuu. Ya pili inatoka chuo kikuu cha Virginia Tech, ambako kamera zilizofungwa ndani ya malori zilionyesha kuwa kuandika ujumbe kunaongeza hatari mara 23, ilhali maongezi bila kushika simu hayakuiongeza. Hao walikuwa madereva wa malori, wengi wao wa safari ndefu, ambao huenda maongezi huwasaidia kufukuza usingizi. Ni vigumu kuhamishia matokeo hayo Kariakoo au Gikomba, penye mikokoteni na watoto wanaovuka.

Hoja ya tatu inahusu riziki. Kwa dereva wa teksi ya mtandaoni, simu ndiyo ofisi: ombi la mteja huingia gari likitembea, na asipolikubali upesi linaenda kwa mwingine. Kumtoza faini yeye peke yake ni kumwonea. Kampuni yenye programu ndiyo inayopaswa kulazimishwa kuzuia maombi yasiingie mpaka gari lisimame.

Mantiki hiyo inafaa pia kwenye daladala na mabasi ya mikoani. Mara nyingi anayempigia dereva ni tajiri anayeulizia hesabu, ilhali konda yumo humo humo na anaweza kupokea. Marekani iliwahi kuona umuhimu wa kumbana mwajiri: kanuni iliyoanza Januari 2012 iliweka faini ya hadi dola 2,750 kwa dereva wa gari la kibiashara anayeshika simu, na hadi dola 11,000 kwa mwajiri anayemruhusu.

Utekelezaji usiachiwe trafiki peke yake, kwani faini ya papo hapo hugeuka hongo kwa urahisi. Rekodi za simu kama zile zilizowasaidia watafiti wa Toronto zinaweza kuombwa kwa amri ya mahakama kila ajali inapoua au kujeruhi. Sheria ianze na magari ya abiria, ihesabu maongezi ya simu ya aina zote kuwa kosa, na imfikishe mahakamani dereva pamoja na bosi aliyempigia akijua yuko njiani.