Bibi wa Kambini

Kiswahili kina neno moja, bibi, linalomtosha mke na linalomtosha nyanya. Martha Washington, mke wa Jenerali George Washington, alilistahili kwa maana zote mbili. Jeshini aliitwa Bibi Washington, na majirani wa Mount Vernon, nyumbani kwake, walimfahamu kwa wajukuu waliokuwa wakimzunguka.

Alizaliwa tarehe 2 Juni 1731 huko Virginia, enzi hizo koloni la Uingereza. Mume wake wa kwanza, Daniel Parke Custis, alikuwa tajiri wa mashamba ya tumbaku. Walizaa watoto wanne, wakazika wawili, kisha mwaka 1757 Daniel naye akafariki. Januari 1759 mjane huyo wa miaka 27 aliolewa na George Washington, ofisa aliyetoka vitani muda si mrefu. Hawakujaliwa mtoto wa kwao wawili. Binti aliyesalia, Patsy, alisumbuliwa na kifafa, nacho kikamwua mwaka 1773. Akabaki mwanawe Jacky peke yake.

Juni 1775 makoloni yalimkabidhi Washington jeshi la kupigana na Waingereza. Miaka sita ilipita asitie mguu nyumbani kwake. Basi nyumba ndiyo iliyomfuata.

Siku zile majira ya baridi yaliyafunga majeshi. Njia zilikuwa matope na barafu, malisho ya farasi hayapatikani, askari wakapiga kambi wakingoja jua. Huo ndio uliokuwa msimu wa Martha wa kusafiri. Novemba 1775 alipanda gari la farasi kwenda Cambridge, karibu na Boston, akafika tarehe 11 Desemba. Mwanamke ambaye hadi hapo hakuwa amekwenda mbali na kwao. Akamwandikia rafiki yake kwamba hutetemeka kila asikiapo mzinga. Lakini hakukimbia, na mwaka uliofuata akaja tena, na uliofuata, hadi vita vikaisha. Ukijumlisha, karibu nusu ya miaka minane ya vita aliiishi kambini.

Kilichoua sana jeshini kilikuwa ndui. Mumewe aliugua na kupona angali kijana, hivyo hakuiogopa tena. Martha hakuwa na kinga. Mwaka 1776 huko Philadelphia alikubali kuchanjwa kwa njia ya wakati ule: ngozi hukwaruzwa, usaha wa mgonjwa ukatiwa humo, kisha mtu akaugua kidogo makusudi, akiomba asiugue sana. Wapo waliokufa kwa chanjo hiyo. Mimi nauhesabu huo kuwa ushujaa wake mkubwa kuliko wote, maana alijitia ugonjwa kwa hiari ili aweze kuendelea kwenda kwa mumewe.

Februari 1778 alifika Valley Forge. Katika kambi ile ya watu wapatao 12,000, karibu 2,000 walikufa kwa maradhi kabla jeshi halijaondoka. Jenerali na maofisa wake walibanana katika nyumba ndogo ya mawe. Barua ya Martha ya Machi inaeleza kwamba mumewe amejengesha kibanda cha magogo cha kulia chakula, na kwamba tangu hapo makao yanavumilika. Katika baridi na njaa ile, bibi huyu aliona jambo la kuandika ni nafasi ya kuweka meza.

Vita vilimdai mtoto wake wa mwisho. Mwaka 1781 Jacky alikwenda Yorktown kumsaidia baba yake wa kambo, akashikwa na homa ya kambini, akafa Novemba 5, wiki chache tu baada ya Waingereza kushindwa pale. Aliacha watoto wanne. Wadogo wawili, Nelly wa miaka miwili na nusu na mdogo wake wa kiume wa miezi sita, walilelewa na bibi yao huko Mount Vernon. Akiwa na miaka 50, Martha alianza ulezi upya.

Nyumba hiyo ilibebwa na watumwa, na hilo halifichiki. Mwaka 1799 Mount Vernon ilikuwa na watumwa zaidi ya 300, karibu nusu yao wa urithi wa Custis. Miaka michache kabla ya hapo, mtumwa mmoja, Ona Judge, alikuwa mjakazi wa karibu wa Martha. Alipojua kwamba atatolewa zawadi kwa mjukuu mkubwa wa Martha, alitoroka Mei 1796 wakati familia ikiwa mezani. Upendo wa nyanya ulikuwa tayari kumgawa binadamu kama shuka la harusi. Ona hakukamatwa kamwe.

Washington alifariki Desemba 1799. Martha aliyemfuata kila mahali alifunga chumba chao cha kulala, akahamia chumba cha orofa ya juu, na akachoma barua walizoandikiana. Tarehe 22 Mei 1802 naye akafariki.

Barua chache mno zilinusurika moto huo. Mjukuu wake mmoja alirithi dawati la bibi, na ndimo zilimokuwa barua mbili za Juni 1775. Katika mojawapo mume anamwarifu kwamba amepewa jeshi, na kwamba anatumaini kurudi salama majira ya vuli. Alirudi nyumbani kukaa tarehe 24 Desemba 1783.