Samaki Aliyepigwa Picha Akiwa Hai

 

Ukienda kununua samaki Kariakoo, au pale Feri wavuvi wanaposhusha mizigo yao, utamtambua changu, utamtambua na nguru. Lakini samaki wa sokoni amekwisha kufa. Bei yake unaijua. Namna alivyoishi huijui. Leo tutajifunza jinsi picha zilivyotufundisha maisha ya samaki mmoja wa bahari yetu, jina lake silikanti.

Mwezi wa Desemba, mwaka 1938, meli ya uvuvi ilimnasa samaki huyu karibu na mji wa East London, Afrika ya Kusini. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji huo, hakumtambua. Alimchora kwa mkono, akampelekea mchoro mtaalamu J. L. B. Smith. Smith alistaajabu, maana wataalamu walidhani kwamba samaki wa namna hiyo walikwisha kutoweka duniani zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita!

Tangu hapo watu walitamani kumwona kwake, akiwa hai. Haikuwa kazi rahisi. Silikanti hukaa kilindini, mita 100 mpaka 200 na zaidi, na mchana hujificha mapangoni. Huko mwanga wa jua ni hafifu mno, na uzito wa maji humlemea mzamiaji. Samaki naye akivutwa juu, hufa.

Mwaka 1987 Hans Fricke, Mjerumani, na wenzake walishuka penye kisiwa cha Ngazija, katika Visiwa vya Komoro. Walikuwa ndani ya chombo kidogo kiendacho chini ya maji, chenye taa. Wakampata, wakampiga picha. Furaha iliyoje! Watu walidhani kwamba hutembea juu ya mchanga kwa mapezi yake yaliyo kama miguu. Kumbe hatembei, huogelea polepole, na mara nyingine husimama kichwa chini, mkia juu. Kwa kumtazama maiti, nani angeyajua hayo?

Na hapa Tanzania je? Mwaka 2003 silikanti alinaswa karibu na Songo Mnara, Kilwa. Baadaye wengi walinaswa Tanga, katika majarife ya papa yaliyotegwa kilindini. Mwaka 2007 watafiti wa Tanzania na Japani walishusha mashine yenye kamera huko Tanga, wakampiga picha akiwa hai. Mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari huko.

Fikirini basi. Mvuvi anatafuta riziki ya watoto wake, lakini nyama ya silikanti haifai kuliwa. Tena mimba ya samaki huyu hukaa miaka mitatu au zaidi. Jarife la usiku mmoja laweza kuondoa kizazi cha miaka mingi, bila faida kwa mtu. Kamera humwacha akiogelea, nasi tumepata elimu.

Maswali:
1. Kwa nini ni vigumu kumpiga picha silikanti?
2. Picha za 1987 zilisahihisha dhana gani?
3. Mvuvi na silikanti wataishije pamoja? Jadilianeni darasani.